Kuhusu Amplifaya Uliyomwahidi Baba

Nyumbani, chumba cha nyuma,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo, na mapacha wazima? Baridi imepungua, au bado mnalala na makoti? Sisi tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi. Mimi niko vilevile ulivyoniacha, mdomo mbele, miguu nyuma.

Ujumbe wako nimeupata, ukiuliza umnunulie Baba hedifoni zipi na amplifaya ipi ili asikilize muziki wake vizuri. Swali lako jepesi, jibu ni zito, ndiyo maana nimekaa chini na kalamu.

Nianze na zile hedifoni ulizotuma mwaka jana. Nilikwambia ni mbovu, ukanuna, ukasema sisi hatujui vitu vizuri. Baba alizivaa, akatega, akasema zinanong'ona. Nikazipeleka kwa fundi wa redio pale kona. Akaniambia hizo ni za aina nzito, redio ya kanda ya Baba haina nguvu ya kuzisukuma, zinataka amplifaya. Akatuazima ya kwake. Baba akazungusha kitufe mpaka mwisho, akasema bado zinanong'ona.

Nikarudi kwa fundi nimefura, nimebeba redio na vyote vyake, Baba nyuma yangu. Fundi hakugusa kitufe. Alizivaa hivyohivyo, akawasha, na papo hapo akazing'oa kichwani akazitupa mezani. Akawa anasugua masikio huku ananitazama mimi, si Baba. Muziki ukaendelea kutoka pale mezani, hata waliosimama mlangoni wakausikia. Baba akaniuliza fundi amepatwa na nini.

Kwa hiyo hedifoni zako ni nzima, Kaka. Maneno niliyokutupia nayameza.

Daktari wa masikio ameshampima. Ni zile mashine za kufuma, miaka yote ile kiwandani bila kinga. Zimemla masikio kidogo kidogo, na sisi tukidhani anatupuuza. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimtupia kila siku, sikio la kufa halisikii dawa, nasi tukicheka? Siku hizi hakuna anayethubutu kuitamka methali hiyo humu ndani.

Kilichobaki kinamtosha kumsikia mtu aliyekaa karibu na kusema polepole. Daktari hakuficha. Amplifaya yenye nguvu anayoitaka Baba itampa muziki kwa miezi, kisha itaondoka na hicho kilichobaki. Kifaa cha kusaidia kusikia alijaribishwa. Maneno yalirudi kidogo, lakini muziki, anasema, ulikuwa mabati yanaburuzwa barabarani. Alikivua akamrudishia daktari kwa adabu zote.

Anataka amplifaya. Unamjua, aking'ang'ania jambo ni kupe. Anasema maneno yetu ameyasikia maisha yake yote na hayajabadilika, hasa yangu. Ila lile gitaa la pili kwenye kanda zake za ujanani, anasema bado halijamaliza kumweleza. Nilicheka. Halafu nikaingia jikoni nikalia mpaka sufuria ikaungua.

Mama alikataa katakata. Aliuliza Baba akishaziba masikio, yeye ataongea na nani, na ukuta? Akamnunia wiki nzima. Juzi nikamkuta Mama amekaa kitandani, hedifoni kichwani, hazijaunganishwa na chochote. Alitaka kujua kukoje huko ndani. Alipozivua akaniambia, "Mwandikie kaka yako alete. Huyu mzee amenisikiliza vya kutosha."

Basi nunua. Hedifoni usihangaike na nyingine, hizi zinafunika sikio lote na sponji yake ni laini. Amplifaya iwe na kitufe kikubwa, maana vidole vyake vimekakamaa. Usidanganywe na zile zenye mataa na besi ya kutikisa meno. Anataka kusikia gitaa, si tetemeko.

Lakini kabla hujaituma, piga simu. Usinipe mimi salamu nimfikishie. Piga mwenyewe, nami nitamwekea simu kwenye sikio la kushoto, ndilo lenye nafuu. Sema polepole, usipige kelele. Mapacha nao waseme majina yao, sauti zao hajawahi kuzisikia. Na kama kuna neno ulilokuwa unamwekea mpaka utakaporudi, usiliweke tena.

Nisalimie Shemeji, na Shangazi ukimwona. Wapakate mapacha kwa niaba yangu. Mungu awalinde ugenini, awape riziki na usingizi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata tukigombana,
Chiriku

Nilisahau: tangu Mama akubali, Baba anashinda na simu mapajani. Hawezi kuisikia ikilia, kwa hiyo anaitazama.