Nani Amekamua Leo?

Jumapili, saa kumi alasiri. Mnyuzi.

Jua la leo halina adabu. Mawingu yamejazana kule juu Kwashemshi tangu asubuhi, na sisi huku chini tunayatazama tu kama watoto wanaonusa pilau ya jirani.

Nimekaa nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha paa, na barua mbili mapajani. Ndiyo, mimi. Yule yule aliyelia humu bloguni kwamba atazeeka na cheti chake kwenye bahasha. Kesho kabla ya saa nne natakiwa nipige simu mbili, moja ya kukubali na nyingine ya kuomba radhi, na kuamua ipi ni ipi kumenitoa jasho.

Kwa anayeingia hapa mara ya kwanza, naitwa Rehema. Nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, na leseni yangu bado inanukia wino. Babu yangu aliletwa huku kukata mkonge, baba alikata mkonge, mama analima. Kwa kadiri ninavyojua, hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kushika barua mbili za kazi kwa mpigo. Mama amezizungusha kwa majirani mpaka moja imepata doa la mafuta ya taa.

Barua ya kwanza inatoka hospitali binafsi ya pale Korogwe mjini. Jina naliacha. Nilikwenda kwenye usaili wiki mbili zilizopita, na sitaki kuwa mnafiki, nilipapenda. Matroni wao ni mama mwembamba, mpole, anayetandika kitanda haraka kuliko mimi ninavyofunga kamba za viatu, na shuka halibaki na mkunjo hata mmoja. Kuna utrasaundi. Kuna jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Niliposimama mlangoni mwa wodi ya wazazi nilitamani kuvua viatu, jinsi sakafu ilivyong'aa. Matroni alinionyesha fomu yao ya kupokea wagonjwa, yenye visanduku vitatu vya maumivu: kidogo, wastani, makali. Unaweka vema, unaendelea na mwingine. Nikasema moyoni, hapa ndipo kwangu. Halafu ni karibu na nyumbani, Jumapili narudi kula ugali wa mama.

Barua ya pili inatoka zahanati ndogo huko Handeni, mbugani kwa wafugaji, mwendo wa saa nzima kwa bodaboda kutoka mjini. Hao walisema nisisaini kwanza, nikakae wiki moja nione mazingira.

Niseme ukweli wangu. Nilikwenda kutafuta sababu ya kukataa.

Na sababu zilikuwepo, tena hazikuchelewa. Vumbi linaingia mpaka kwenye chai. Maji ya tangi unayapima kwa macho kila asubuhi. Mtandao wa simu unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu nyuma ya jengo, na ukitaka kuongea na mama yako unapanda pale kama jogoo anayetafuta pa kuwikia. Nilishaanza kutunga maneno ya kuomba radhi.

Kilichoniharibia mpango ni Sista Mwanahamisi.

Yeye ndiye muuguzi mkuu pale. Ni Mzigua wa Handeni, amebakiza muda mchache astaafu, anavaa kandambili za bluu kazini, na chai yake ina sukari ambayo angemkataza mgonjwa yeyote. Aliponipokea hakunitazama usoni, alinitazama miguuni. Akasema viatu hivyo vitakufa Alhamisi. Vilikufa Jumatano.

Siku tatu za mwanzo sikumwelewa. Nilimwona mama wa maneno mengi. Mtu anaingia ameshika tumbo, Sista anamsalimia. Si shikamoo-marahaba yakaisha, la! Anauliza watoto, anauliza ng'ombe, anauliza majani huko walikohamia, anauliza kama ile njia imepitika. Mimi nimesimama pembeni na kalamu, nahesabu dakika. Chuoni tulifundishwa kuuliza tatizo, limeanza lini, liko wapi, kutoka sifuri mpaka kumi linauma kiasi gani. Nilijua nitamsaidia Sista kwenda na wakati. Shika neno hilo, nitamsaidia.

Alhamisi ilikuwa siku ya chanjo. Benchi limejaa, watoto wanalia kwa zamu, nami nimewekwa mezani kuandikisha. Akaja dada mmoja wa Kimasai anaitwa Nashipai, wa umri wangu au chini kidogo, mimba ya miezi minane, ameongozana na mama mkwe wake, bibi ambaye wote pale wanamwita Koko. Nikamuuliza Nashipai anasumbuliwa na nini. Akatabasamu. Kichwa, akasema. Kidogo.

Nikaleta yale mambo yangu ya sifuri mpaka kumi. Koko akanitazama kwa huruma akauliza, kumi ya nini? Watu wa benchi wakacheka, na mimi nikacheka. Swali la maana kabisa lile, lakini wakati ule sikulisikia. Nikaandika kwenye kadi, kwa mwandiko mzuri, maumivu ya kichwa, kidogo. Nikamwomba akae mwisho wa benchi asubiri watoto waishe.

Mwisho wa benchi. Mkono huu huu unaoandika hapa ndio uliomwonyesha.

Sista akatoka ndani na kikombe chake. Akaanza salamu na Koko kama kawaida yake, mvua, majani, ndama. Nikageuza macho. Kisha akauliza jambo ambalo niliona ni upuuzi mtupu kwa zahanati iliyojaa namna ile.

Aliuliza, "Nani amekamua leo?"

Koko akajionyesha kwa kidevu. Yeye. Na jana? Yeye. Na juzi?

Sista hakungoja jibu la juzi. Kikombe akakiweka juu ya mzani wa watoto, chai ikamwagika, akamshika Nashipai mkono akamwingiza ndani, na mimi akaniita kwa kidole. Presha ilisoma mia na sabini kwa mia na kumi. Miguu ilikuwa imevimba, nayo ilikuwa imefunikwa na shuka muda wote alipokuwa mbele yangu. Alipoulizwa macho, akasema anaona ukungu.

Kidogo.

Wenzangu wa kazi mmeshaelewa. Kwa wengine niseme tu kwamba dada yule alikuwa anakaribia kifafa cha mimba, kile kinachoondoka na mama na mtoto pamoja, na mimi nilikuwa nimemweka nyuma ya watoto kumi na kitu wa chanjo. Sista alimchoma sindano ya kuzuia kifafa huku anamwongelesha habari za ng'ombe wake mmoja mmoja. Kandambili zake zilipanda kile kichuguu, zikateremka, na gari la wagonjwa likaja kutoka mjini. Mimi nilishika dripu. Nilikuwa nalia na sikuwa na mkono wa kujifuta.

Ijumaa mchana tukapigiwa simu. Amefanyiwa upasuaji, amepata mtoto wa kike, wote wazima. Koko ameuliza jina la yule nesi wa kandambili.

Nilingoja Sista anigombeze. Nilitaka anigombeze, ningepumua. Alinimiminia chai, akaniambia, "Mwanangu, huku mtu akikwambia kidogo, usiandike. Muulize kazi yake ya asubuhi imefanywa na nani."

Akanieleza taratibu. Mwanamke wa Kimasai anakamua ng'ombe wake mwenyewe, ni heshima yake. Ukisikia mama mkwe mtu mzima ameinama kukamua badala ya mke wa mwanawe, siku mbili mfululizo, jua hicho kidogo kimeshampiga chini. Kulalamika mbele ya benchi zima ni aibu, lakini swali la maziwa si la ugonjwa, kwa hiyo atalijibu kweli. Mkulima, yeye Sista anamuuliza nani ameenda shamba. Mzee, anamuuliza nani amemletea habari za mnadani. Mtoto, anamuuliza mama yake leo amegombana na nani, maana mtoto mgonjwa hagombani. Akaniambia na yeye zamani aliwahi kuandika kidogo kwenye kadi ya mtu. Hiyo hadithi hakuimalizia, na mimi sikuuliza.

Nimesoma miaka mitatu. Nimefundishwa na watu wenye digrii, wazuri kweli, nawashukuru. Lakini sijawahi kuona mtu anayefanya kazi yetu hii vizuri namna ile, na anaifanya kwa kandambili. Namhusudu mama yule, naandika wazi. Natamani siku moja nisimame pale alipo na niwe nasikia anavyosikia.

Ningeishia hapo, barua ya Korogwe ningeshaikunja. Tatizo ni jana.

Jana nimerudi nyumbani. Mama kanipokea mlangoni, shikamoo, marahaba mwanangu, umekonda, huko hawali? Nikamuuliza hali. Nzuri, akasema, ni hili goti tu. Kidogo.

Macho yangu yakaenda kwenye pipa la maji. Limejaa mpaka juu. Kutoka kisimani hapa kwetu kuna kilima.

Nikamuuliza, mama, nani amechota maji?

Mama akaanza kuongelea machungwa. Nikauliza tena. Ikabidi aseme. Mama Zuhura, jirani yetu, ndiye anayemchotea. Tangu lini? Tangu mvua zile zilizopita. Nikapiga magoti palepale mlangoni nikalipapasa goti lake, limevimba na lina moto. Nimekuja likizo ngapi katika nyumba hii? Kila nikiuliza ananiambia kidogo, na mimi, nesi mzima, naitikia, nakula, naondoka.

Sikuwa na hamu ya kula jana.

Kwa hiyo leo asubuhi nimeamka nimeshaamua. Korogwe. Mama ana goti, mimi ndiye mtoto pekee aliye karibu, biashara imekwisha. Nilishashika kalamu kusaini ile barua, nikajikuta nalia tena kama mjinga, na ndipo mama akatoka na ungo wake wa mchele, akakaa kwenye kigoda, polepole, mguu mmoja ameunyoosha.

Akauliza nalilia nini na nimepata kazi mbili. Basi nikamsimulia yote. Fomu ya Korogwe, Nashipai, kadi, mwisho wa benchi, maziwa, kandambili. Nikamwambia pia kwamba nakwenda Korogwe kwa ajili yake, asiwe na wasiwasi. Nadhani nilitegemea anishukuru.

Aliendelea kuchambua mchele. 

Kisha akasema, "Miaka mitatu chuoni hukuwahi kuniuliza nani amechota maji. Umekaa kwa mama yule wiki moja tu, umerudi umeniuliza. Nenda ukamalize kusoma."

Nikaanza kubisha. Goti je? Akasema goti lina hospitali, tena ile ya Korogwe ninayoisifia sakafu yake, na Jumanne nitampeleka mimi mwenyewe kabla sijapanda basi la Handeni. Akasema yeye hakunilea niwe mchota maji wake. Akasema mengine pia kuhusu marehemu baba ambayo hayo nayaweka moyoni.

Nimeichana? Hapana, barua ya Korogwe sijaichana. Matroni yule hastahili hivyo. Kesho nitampigia wa kwanza, kwa adabu zote, nimwambie nashukuru na nimwombe radhi. Jumanne ataniona kwenye foleni yake na mgonjwa wangu. Na kwenye ile fomu, wakifika kwenye kisanduku cha maumivu, mama asithubutu kujibu, nitajibu mimi.

Naandika haya mama bado yuko hapa pembeni na ungo wake. Ameona nimesimamisha vidole. Ameniuliza kama naogopa kwenda kule peke yangu.

Nimemwambia kidogo.

Hakuinua macho kwenye mchele. "Kidogo cha wapi?" akauliza. "Cha fomu ya Korogwe au cha benchi la Handeni?"

"Cha Handeni, mama."

Akaitikia kwa kichwa, akanisogezea ungo tuchambue wote.