Kitanda cha Mama

Jumanne, Zombo

Afadhali angenyamaza. Ingrid, mtaalamu wa tiba ya viungo tuliyeletewa na mradi wa kubadilishana wataalamu, leo kampima mama yangu mgongo. Kambonyeza, kamgeuza, mama kakaza meno tu.

"Mama analala wapi?" akaniuliza.

"Chini, kwenye mkeka."

Akaniangalia kama kaona mchawi. "Mama mzee, unamlaza chini? Ndiyo maana anaumwa! Mnunulie kitanda kizuri."

Kitanda anacho! Anakilalia yeye Ingrid tangu alipofika, na juzi kawasifia wenzake wa Mikumi jinsi kilivyo kizuri. Nikafungua mdomo nimwambie. Mama akanifinya paja, akaninong'oneza, "Mgeni haambiwi."

Basi mimi ndiye mtoto mbaya. Usiku nikampikia Ingrid mboga bila chumvi, makusudi. Kala yote, kashukuru. Hata hasira yangu haimfikii.

Kisha mratibu wa mradi akapiga simu. Ingrid anaomba abaki kwetu mpaka mavuno, amtibu mama mgongo.

Mama kamwitikia Ingrid, "Karibu sana, mwanangu," huku kashikilia ukuta, maana kukaa hawezi.