Mifupa ya Supu Yangu

Kariakoo, Machi 1974

Baba Awadhi mpenzi,

Salamu zikufikie huko Makambako kwenye reli. Sisi wazima. Sukari imepatikana duka la ushirika baada ya foleni ndefu, na supu yangu inatoka vizuri.

Sasa naweza kuliandika: mguu wa mwanao walitaka kuukata. Usaha ulikula mfupa wa muundi ukaacha shimo. Daktari Elisaria akasema tujaribu kwanza jambo moja. Mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwa moto mkali, mafuta na nyama vyote vinakwisha, inabaki chengachenga nyeupe, ndizo anazojazia shimo.

Nikamwambia, "Basi iwe mifupa ya supu yangu. Ng'ombe huyo najua kachinjwa kwa bismillahi."

Alicheka, ila alikubali. Nikampelekea kikapu kizima cha mifupa niliyozoea kuwatupia mbwa. Ilipotoka motoni ilikuwa myeupe kama chokaa, na ukiigonga inalia kama kikombe.

Miezi imepita tangu aijaze mguuni, na juzi Awadhi kapigwa picha ya mguu. Nikauliza, "Wa ng'ombe uko wapi hapo?"

Daktari akapitisha kidole, akarudia, kisha akasema, "Mama Awadhi, hata mimi siwezi tena kuutofautisha na wake."

Subhanallah! 

Jana nilimtuma Awadhi chumvi, akachelewa kwa kucheza mpira. Nilimgombeza sana, halafu nikainamia sufuria wateja wasinione ninavyolia.

Mkeo akuombeaye,
Sabaha