Mvua ya Kulala Nayo

3 Machi

Mjomba mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo, mama anakusalimu, na kile kikohozi changu kimekwisha. Natumaini bwawa mnalojenga halijakumeza.

Meza yako ya ufundi ipo ulivyoiacha, ila sasa naitumia mimi. Tangu nimalize shule sina la kufanya, na kulehemu ulinifundisha mwenyewe. Nataka kumtengenezea Bibi kitu. Masikio yake yameziba kabisa. Mvua ikipiga bati, sisi tunapayuka ili tusikizane, yeye anatazama ukuta. Zamani aliijua kwa sauti tu: hii ya kupita, hii ya kulala nayo. Siku hizi hasemi karibu chochote. Na unanijua, Mjomba. Nyumba nzima ni yeye tu niliyeongea naye bila kutetemeka.

Tone la mvua linaweza kuwasha taa?

Mpwa wako

14 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, binti. Mimi mzima, ingawa wanaonenepa huku ni mbu.

Linaweza. Chukua kibao, kipitishie nyaya mbili zilizo uchi, zikaribiane bila kugusana. Tone likidondoka katikati linakuwa daraja, na umeme kidogo unavuka. Umeme huo ni mnong'ono tu. Transista, kile kipuri kidogo cha miguu mitatu, ndiyo inayousikia na kuiamsha taa. Tengeneza vibao kadhaa, kila kimoja na taa yake. Vipuri nimempa dereva wa lori la saruji.

Nakuja lini, usiniulize. Mara ya mwisho tulikaa mimi na Bibi yako tukitazamana kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Nilisema, hakusikia. Nikaondoka mapema.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mbu hawajambo? Sisi wazima, ila nimeharibu.

Nilipanga vibao juu ya bati, taa nikazitundika mbele ya kitanda cha Bibi. Zikawaka jua likiwa kali, nami nikafurahi kama mjinga. Jana mvua ikaja, zote zikazimika. Bibi akatazama juu, akasema, "Wamekata tena hao!"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilikwenda kulia jikoni.

Mpwa wako

10 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole. Nimecheka peke yangu mpaka wenzangu wakauliza kama naumwa. Alisema hivyo kweli? Kwa ukali wake ule ule?

Taa umeiweka ubavuni mwa transista, kwa hiyo tone linainyang'anya umeme. Njia iwe moja: betri, taa, kisha transista. Jaribu tena.

Mjomba wako

28 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama, na leo nina mengi.

Nilipanga nyaya upya ulivyosema, na mvua ikaja alasiri moja. Taa moja ikapepesa, ikanyamaza. Nyingine ikaitikia kule pembeni, kama mtu anayekumbuka jina. Bibi akakaa kitandani. "Manyunyu hayo," akasema. Kisha zikaanza kukimbizana, ukuta wote ukatetemeka kwa mwanga, tukawa kama tumeketi ndani ya maji. Bibi alikuwa akifumba macho na kuyafumbua taratibu, anasikiliza kwa kope. Mwisho akavuta shuka. "Hii sasa ni ya kulala nayo." Akalala kweli, mkono wake kichwani kwangu.

Sasa kila asubuhi napanda ngazi, nalowesha kidole, nagusa kibao cha pembeni. Chini nasikia, "Ni wewe, mjukuu?" Nagusa tena. Basi nikishuka ananisimulia mpaka chai inapoa, nami namjibu kwa mikono na midomo, na wala sioni haya.

Jana aliniuliza, "Yule mwanangu, mvua yake inanyesha wapi?" Sikujua niguse kibao gani.

Mpwa wako

30 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, nisamehe. Barua yako nimeikunjua mpaka imechanika kwenye mikunjo.

Hii usiijibu, jibu halitanikuta huku. Siku moja jua likiwa kali, taa zote zikawaka kwa pamoja, usiende kukagua nyaya. Ngazi nitaiona mwenyewe, na vidole nitavilowesha vyote. Wewe kaa na Bibi, mwache aseme ni mvua ipi.

Mjomba wako