Usiangalie Beseni, Niangalie Mimi

Dada yangu Mwajuma uliye ng'ambo,

Kwenye simu huwa nakwambia kazi inaendelea vizuri, halafu nakuuliza haraka haraka habari za huko kwenu Kalemie na za shemeji, usije ukapata nafasi ya kuniuliza la pili. Nikisema nitalia. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka ulivyokuwa unanifunga vifungo vya shati la shule? Kidato cha pili, msichana mzima, nimesimama mlangoni kama mtoto wa chekechea, na wewe umemziba mama asione. Mtaani Ujiji waliniita Mikono ya Mlenda. Kikombe, kamba za viatu, mpira wa kurushiwa, vyote vilinikimbia. Chuoni ndipo mwalimu mmoja akanipa neno la Kiingereza, dispraksia: ubongo unatuma ujumbe, mikono inaupokea vingine. Siku ile nilifurahi, dada. Nilidhani kitu kikishapata jina kinapungua.

Hakikupungua. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nipate cheti changu cha usindikaji wa samaki: kuwafundisha wanawake kuanika dagaa. Naweza kukueleza kwa Kiswahili na kwa Kiingereza kwa nini dagaa aanikwe juu ya kichanja cha wavu, asianikwe mchangani. Ila kumwanika siwezi.

Leo asubuhi bosi aliwakusanya kina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, niwaonyeshe. Unashika beseni, unarusha kwa kiganja, dagaa wanatandazika juu ya wavu bila mmoja kumlalia mwenzake. Kitu ambacho mama alikuwa anakifanya huku anagombana na mtu. Nikarusha. Dagaa wakavuka kichanja, na beseni likawafuata.

Mama Shukuru, mwanikaji wa siku nyingi, akauliza, "Mwalimu, hao ni wa kunguru au ni wetu?"

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, kicheko kile changu cha kujificha, unakijua.

Bosi hakucheka. "Binti, huko chuo mlikuwa mnasoma kwa midomo tu?"

Jibu ninalo. Nimelifanyia mazoezi bafuni kwa lugha zote mbili: bosi, nina tatizo hili, si uzembe, nipe muda. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nimeteleza." Palikuwa pakavu, dada. Kila mtu aliona palikuwa pakavu.

Mama Shukuru aliinama tukaokota pamoja. "Mwanangu, unaumwa?" aliniuliza, safari hii polepole. Nikatikisa kichwa. Hata yeye sikumwambia.

Kabla sijatoka kazini bosi akaniita. Kesho tunakwenda kijiji cha Kagunga kwa boti, nikaanike mbele ya wanawake wa huko. Nikiharibu, muda wangu wa majaribio umeishia hapo hapo, nisirudi.

Tangu aniambie nakuwaza wewe tu. Mitumbwi ilipokuwa inaingia na mama anasubiri ufukweni, ulikuwa unanitwisha beseni dogo, halafu unatembea mbele yangu kinyumenyume, maji yakikufika magotini. "Usiangalie beseni, niangalie mimi." Nilikuangalia. Sikumwaga hata dagaa mmoja. Mama alifikiri nimepona, wewe ukanikonyeza.

Nimejaribu kufanya hivyo peke yangu. Uso wako naukumbuka wote, mpaka kovu la nyusi. Lakini nikinyanyua beseni tu, macho yanarudi mikononi, na mikono ikishajua inaangaliwa, imekwisha.

Siombi urudi. Una nyumba yako sasa. Nilisimama ufukweni nitazame milima ya upande wako, moshi wa kiangazi umeifunika yote, ni kama hakuna ng'ambo. Nimechoka, dada. Nimechoka kuwa mtu wa kuokota.

Nasikia Kagunga boti haifiki nchi kavu, watu wanashukia majini. Nitapewa beseni langu nishuke nalo. Na mbele yangu kutakuwa na maji tu.

Nisalimie shemeji. Usimwambie.

Ni mimi, mdogo wako uliyekuwa unamfunga vifungo