Nusu Sahani Mboga, Mdogo Wangu

Gerezani, Kariakoo,
Dar es Salaam.
14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Mbaruku,

Assalaam aleikum. Mimi kaka yako nina miaka sabini na tisa. Nimewazika wazazi wetu, nimemzika dada yetu Siti, soko la Kariakoo limeungua na kujengwa tena mimi nipo, na wale waliokuwa wakinitambia kule karakana ya reli wote wametangulia. Wewe hali yako vipi huko Lindi? Miguu inakubeba? Macho je?

Nauliza hivyo kwa sababu Shemeji Shamsa amenipigia simu. Amesema umepimwa ukakutwa na sukari, ukapewa mpangilio wa kula, ukasema hicho ni chakula cha sungura. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yako, nilipokutwa nayo, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Unalikumbuka benchi la kahawa pale kona, ulikokuwa ukinifuata utotoni? Bado lipo. Mimi sukari ya kwenye chai niliiacha, lakini pale benchini nilikula kashata nilivyotaka, nikishushia kahawa chungu. Nilijua uchungu wa kahawa unaua utamu wa kashata, na wenzangu nikawafundisha. Mwisho macho yakaingia ukungu, nikamkumbatia mtu baki nikidhani ni Shaibu muuza kahawa.

Nesi wa zahanati, anaitwa Stella, mtu wa Masasi, alicheka mpaka akakaa. Akaniambia, "Babu, uchungu unaishia mdomoni. Tumboni kashata ni kashata tu." Akachukua sahani akanionyesha. Nusu mboga za majani, robo samaki au maharage, robo iliyobaki ugali wa dona au wali. Tunda moja, si sinia. Dawa haziachwi, na kushinda njaa hakuruhusiwi.

Mbaruku, ile sahani nilipoitazama nikamwona mama. Mchicha umejaa, kipande cha samaki changu wa soko la Feri, ugali kidogo maana tulikuwa wengi. Wali Ijumaa, soda Idi kwa Idi. Na wewe ukilia unagombea ukoko wenye nazi, Siti anakuachia wake.

Sasa binti yangu Ummy ananipakulia vile vile, na asubuhi natembea kwa miguu mpaka Feri nichague samaki mwenyewe. Gerezani nzima hakuna mzee wa kunipita njiani. Shaibu ananitania, "Mzee Uledi, kashata unaitazama kama mtalaka wako." Namjibu huyo simrejei.

Siti naye aliambiwa, akakataa. Kikaanza kidonda cha kidole, mengine unayajua, jeneza tulibeba wote. Tumebaki wawili. Kwa hiyo usinibishie, mimi ndiye mkubwa. Kula.

Msalimie Shamsa, na mwanao Mudi na wanawe. Mungu akupe afya, akuzidishie miaka unifikie mimi, ingawa kunipita hutaweza.

Ukiona najisifu, ya kashata muulize Shaibu. Ya sahani muulize Ummy. Ya damu yangu anayo nesi Stella, ndiye anayeipima. Lakini ya chakula cha mama, shahidi aliyebaki ni wewe peke yako.

Ni mimi kaka yako, nakupenda,

Uledi