Mti wa Lozi Kwenye Kiwanja Chako

Mwanangu Sherzod,

Salamu za baba yako, ambaye katika bonde zima la Fergana bado hana mpinzani wa kupogoa miti. Mgongo tu ndio umechoka.

Miti ya mipopla niliyopanda ulipozaliwa, iwe boriti za nyumba yako, imeanza kuoza ingali imesimama. Mama yako akasema, "Baba Sherzod, mtoto keshahamia Urusi. Kiwanja tulichomwekea ajenge tupande mti wa maua, angalau macho yapate pa kutua."

Nikamwambia, "Mwanamke, kiwanja kinangoja nyumba, na boriti haitoi maua!"

Akalia. Basi akachagua mti wa lozi, nikachimba shimo mwenyewe, katikati ya kiwanja chako.

Ukija kujenga, uukate. Sitanuna. Ila njoo upesi, maana mama yako ameanza kuuita kwa jina lako.

Baba yako,
Tursunboy